Insha ya Viboko

Mhadhiri aliishika insha ile kwa ncha za vidole, kama aliyeokota soksi chafu ya mtu. Mada ilikuwa viboko shuleni. Binti aliyesimama mbele ya meza yake alikuwa amepanga hoja sita za kuunga mkono na sita za kupinga, kisha akahitimisha kwamba pande zote zina ukweli.

"Wewe popo nini, si ndege si mnyama? Mtoto anachapwa mpaka analazwa, bado unapima? Msimamo wako uko wapi?"

Binti akatoa mkobani insha yake ya wiki iliyopita, iliyopinga viboko mwanzo hadi mwisho. Juu yake, kwa wino mwekundu, mhadhiri mwenyewe alikuwa ameandika: "Umeegemea upande mmoja. Sawazisha."