Sarafu Juu ya Breki

Hakuna fundi mtaani kwetu Mutakura aliyenishinda kwa kugonga breki. Nasema bila haya. Gamba la breki hubandikwa kwa gundi kwenye chuma chake, na gundi isiposhika, jicho halioni. Unagonga kwa sarafu, taratibu: palipo pazima panalia vizuri, palipoachia sauti inakufa. Madereva hawakupanda milima kabla ya kupita kwangu mimi, Shakuru.

Asubuhi ile dereva Musafiri alipeleka basi lake Muramvya kumleta bibi harusi. Jana yake nilikuwa nimegonga breki zake mpya nikamwambia ziko sawa. Binti yangu Sumaya alikaa kiti cha mbele.

Ilikuwa Ijumaa. Nilinawa grisi, nikaketi mlangoni kungoja adhana. Akaja fundi mwenzangu Amissi, amevaa kanzu, na sauti yake ile ya kuamsha mtaa.

"Papa Sumaya, leo haukuswali?"

"Adhana bado."

"Bado? Watu wameshatoka musikitini!"

Nikatazama barabarani. Kweli, kanzu zilijaa njia nzima, na kipaza sauti cha msikiti kiko juu ya paa la jirani yangu. Sikio la kulia liliharibika zamani, nikawaficha watu wote. La kushoto ndilo lililonilisha. Sasa jana nilisikia nini? Sikusikia kitu. Nilikumbuka tu mlio wa miaka thelathini.

Nikampigia Musafiri. Kwenye kioo cha simu niliona amepokea, lakini sikioni kimya.

"Simama! Musafiri, simama!"

Kimya. Sijawahi kuogopa vile maishani. Nikamsukumia Amissi simu.

"Shika we. Mi sisikii."

Alinikazia macho, kisha akasikiliza. "Wako Bugarama, wananunua karoti. Karibu washuke mlima."

"Muambie asishuke! Hata kidogo!"

Tulipanda huko kwa gari la Amissi, mimi nikisali njia nzima. Tukawakuta kando ya barabara, Sumaya amekalia gunia, amenuna kwa kucheleweshewa harusi. Nilitaka kulia.

Amissi akatoa gurudumu. Nikampa sarafu yangu. Akagonga gamba la breki kuanzia ukingoni, watu wamemzunguka, bibi harusi naye na shela lake. Mimi nilitazama tu sarafu ikitembea. Ilipofika katikati mkono wake ukasimama, na wote, hata mwanangu, wakageuka kunitazama.