Nguo za Winifrida

Siku Verediana alipomkuta mdogo wake akilala kwenye banda la mbuzi, hakulia. Alikuwa ametoka Kasulu juu ya lori la mahindi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, na mkononi alikuwa na khanga mpya za mzazi. Habari zilizomfikia ni kwamba Winifrida amejifungua. Habari hazikusema zaidi. Mama mkwe wa Winifrida alimpokea uani pale Gwarama, akamwekea kiti, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto hakuishi, na kwamba mzazi mwenyewe hayumo ndani kwa sababu ndani wanalala watu.

Verediana akauliza kama huyo aliye nje si mtu.

Mama mkwe alionyesha tu kwa kidevu kule nyuma ya migomba.

Winifrida alikuwa amekaa juu ya majani makavu, miguu ameikusanya, matambara yamemzunguka. Harufu ilimtangulia. Uchungu ulimshika akiwa shambani, mkunga wa jirani akasema mimba ya kwanza hukawia, wasubiri. Wakasubiri mpaka nguvu zikamwishia. Walipomfikisha zahanati kwa machela, mtoto alitoka akiwa amekwisha kufa, na tangu hapo mkojo ukawa unamtoka wenyewe, usiku na mchana, kama maji kwenye mtungi ulioingia ufa. Mume wake, Bazilio, kwanza alihamisha mkeka wake. Kisha akamhamisha mke. Mtoni wanawake walimwambia afulie upande wa chini, maji yakishapita kwao. Kanisani aliombwa akae nje karibu na mlango, na baadaye hakuombwa kitu kwa sababu aliacha kwenda.

Verediana alimfunga khanga mpya juu ya zile zilizolowa, akamshika mkono. Bazilio alikuwa amesimama ukumbini, baiskeli yake imeegemezwa ukutani. Verediana alimwomba awasaidie kumbeba mgonjwa mpaka barabarani. Bazilio alisema baiskeli ile ndiyo anayobebea mizigo ya watu, akitia harufu kwenye kiti cha nyuma nani atampa kazi tena.

Verediana akampa kisogo, akamwegemeza mdogo wake begani. Wakaenda kwa miguu, wakipumzika kila penye kivuli.

Kwenye lori la kurudi, abiria walianza kuziba pua kabla hawajafika Kitahana. Utingo alipanda juu ya magunia, akamwambia Verediana kwamba yule dada ashuke, watu wanalalamika.

“Sisi tuko wawili,” Verediana alisema. “Utatushusha wote, na utatushusha kwa kutubeba. Haya, anza na mimi.”

Utingo aliwatazama, akarudi mlangoni. Winifrida alikuwa amejifunika uso. Njia nzima hakuufunua.

Kule Kasulu, Verediana alikuwa amepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya matofali ya udongo. Kazi yake ilikuwa kwenye jiko la shirika moja lililohudumia wakimbizi wa kambi ya Mtabila. Aliosha masufuria na sahani za wafanyakazi. Kila jioni akirudi alikuta beseni la matambara linamsubiri. Alifua kwa sabuni ya mche, akafua kwa sabuni ya unga, akachemsha kwa majivu kama mama yao alivyokuwa akifanya. Alisugua kwa hasira mpaka vifundo vya vidole vikachubuka, na kila alipokamua aliiona shingo ya Bazilio mikononi mwake. Nguo zilikauka juani zikaonekana safi. Lakini Winifrida akishazivaa na mwili ukazipasha joto, harufu iliamka tena, kabla hata hazijalowa. Wapangaji wenzao walianza kufunga milango.

Jikoni aliosha vyombo pamoja na Aline Niyubahwe, Mrundi wa kambini, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili alichokiokota njiani ukimbizini. Siku moja Verediana alimwaga moyo wake wote huku akisugua sufuria la maharage. Aline alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza mgonjwa anapaka nini mwilini.

Verediana alimwambia ni mawese. Mkojo ulikuwa unamchoma mapajani mpaka ngozi inatoka, basi anajipaka mawese asubuhi na jioni.

“Basi wewe unafua mkojo, mafuta inabaki,” Aline alisema. “Harufu inalala ndani ya mafuta. Hii sufuria, ungeiosha na sabuni ya mche, mawese ingetoka?”

Verediana aliangalia mikono yake iliyokuwa ndani ya povu. Sabuni ile ya maji, ya kijani, ya kuoshea vyombo, ililetwa pale kwa madumu pamoja na mizigo ya shirika. Madukani mjini haikuwapo. Kila siku aliiona ikikata mawese kwenye masufuria mpaka bati linalia chini ya kidole. Hakuwahi kuifikiria kwa nguo. Siku hiyohiyo walimfuata msimamizi wa jiko wakamweleza bila kuficha, naye akajaza chupa akawapa, akasema ikiisha warudi.

Mara ya kwanza waliharibu. Verediana aliimimina sabuni nyingi kwenye beseni la maji, povu likapanda hadi kwenye magoti, akasuuza kwa haraka kwa sababu maji ya kisimani yalikuwa mbali. Winifrida alipovaa lile tambara, sabuni iliyobaki ilimwingia kwenye vidonda. Alilia kwa sauti, akalivua, akamrushia dada yake usoni. Alisema kama amechoka naye amrudishe kwa mbuzi, mbuzi hawamchomi. Wakalala wamegeuziana migongo.

Mara ya pili Verediana alienda taratibu. Alichukua nguo zikiwa kavu, akazitia sabuni kidogo kidogo palepale kwenye madoa ya rangi ya machungwa, akasugua kwa vidole, akaziacha zikae mpaka alipomaliza kupika. Kisha akamwagia maji ya moto. Maji yakageuka kama mchuzi. Akayamwaga, akarudia, akasuuza na kusuuza mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia, na ya mwisho akayakamulia ndimu. Akazianika kwenye jua kali.

Jioni Winifrida alilichukua tambara moja, akalinusa. Akalikunja, akalishika mikononi mwake ili lipate joto, akalinusa tena. Verediana alisubiri atabasamu. Hakutabasamu.

“Kumbe ilikuwa mafuta,” alisema. “Dada, walinilaza na mbuzi kwa sababu ya mafuta. Sabuni ya sahani tu. Hakuna hata mmoja aliyejaribu kunifulia.”

Tangu siku ile hasira ya Verediana ilipata mwenza. Winifrida aliyekuwa akizungumza na ukuta alianza kuzungumza na watu, na maneno yake yalikuwa makali. Alifua mwenyewe kila asubuhi. Aliwasalimia wapangaji mpaka wakalazimika kuitikia. Jumapili aliingia kanisani akakaa katikati ya benchi, si mwisho wake. Mkojo haukuwa umekoma hata kidogo. Alibadili matambara mara kwa mara, basi.

Ndipo akakubali kwenda hospitali, jambo alilokuwa amekataa kwa sababu ya benchi la kusubiria. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Rabia, mwenyeji wa Pangani aliyeletwa Kasulu na serikali. Alimpima nyuma ya pazia, akatoka amekunja uso. Alisema si laana wala si adhabu ya zinaa, ni tundu lililochanika ndani wakati mtoto alipokwama, na tundu hushonwa. Kuna daktari huja kiangazi kwenye hospitali moja ya misheni kwa kazi hiyo. Kisha akauliza, kwa hasira asiyoificha, kwa nini mgonjwa amekaa muda wote huo bila mtu kumleta.

“Waulize wenye baiskeli,” Winifrida alisema.

Kiangazi hakijafika, Bazilio akaja. Watu wa malori walikuwa wamempelekea habari kwamba mkewe anakaa kanisani kama watu wengine. Alikuja na baba yake mdogo, wamebeba mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Winifrida alikuwa ndani, mlango uko wazi. Aliwaona wakiingia uani, na akamwona mume wake akisimama penye kamba ya nguo. Bazilio aligeuka huku na huku, akavuta pembe ya tambara, akalipeleka puani. Kisha akamtikisia kichwa baba yake mdogo, kwamba ndiyo, mambo ni mazuri.

Verediana aliwatolea mkeka na vigoda, na Winifrida akatoka akakaa kwenye kigoda kimoja. Baba mdogo alizungumza kwa heshima. Alisema ugonjwa ni wa Mungu na kupona ni kwa Mungu, na kwamba nyumba ya Gwarama imekaa bila mama. Bazilio aliongeza kwamba hana kinyongo, mkewe arudi tu, waanze upya. Alimwita Verediana shemeji kila alipovuta pumzi.

Winifrida alikuwa amekaa kigodani muda wote bila kunyanyuka. Sasa alisimama. Kigoda kilikuwa kimelowa, khanga yake imelowa nyuma hadi kwenye kisigino, na tone lilikuwa likidondoka juu ya mkeka, mbele ya mguu wa Bazilio.

Bazilio akauvuta mguu.

“Umeshajibu,” Winifrida alimwambia. Sauti yake haikupanda. “Mimi sijapona. Zilizopona ni nguo, na hizo umeshazinusa. Ulikuja kuchukua nguo, Bazilio. Mimi hukuniuliza hata nalala wapi. Hata kaburi la mtoto hukulitaja.”

Baba mdogo alijaribu kusema kwamba mambo kama hayo mke huyavumilia ndani ya nyumba. Winifrida alimuuliza ni nyumba ipi, ile ya watu au ile ya mbuzi. Verediana alinyanyua jogoo kwa miguu yake iliyofungwa, akamweka mikononi mwa Bazilio, kisha akawasindikiza mpaka barabarani ili awe na hakika kwamba wamekwenda. Aliporudi alimkuta mdogo wake amekaa juu ya ule mkeka uliolowa. Wakaufua pamoja.

Upasuaji wa kwanza haukushika. Winifrida alimtukana daktari kwa Kiha, na daktari, ambaye hakujua Kiha, alielewa. Kiangazi kilichofuata alishonwa tena, na safari hii alikaa kitandani na bomba la mkojo, hathubutu kukohoa, mpaka bomba lilipotolewa na shuka ikabaki kavu. Bazilio alikuwa amekwisha kuoa. Winifrida hakurudi Gwarama kukaa. Alikwenda mara moja tu, akapalilia kaburi la mwanawe kwa mikono, akaondoka bila kuingia uani.

Hospitali ile ya misheni ilimchukua afanye kazi wodini, miongoni mwa wanawake waliokuja na matambara yao. Aliwafundisha kufua, akiwakaripia wasiache sabuni kwenye nguo wakaja kuungua. Wengine walimwogopa. Asubuhi moja alimkuta mwanamume kutoka upande wa Kitahana amesimama mlangoni, amemleta mkewe mpaka hapo na hataki kuingia, shati amelivuta juu ya pua.

Winifrida alikwenda akasimama mbele yake.

“Shusha hilo shati,” alimwambia. “Chukua ndoo ile pale, mkeo ana nguo za kufua. Mimi nitakuonyesha.”

Yule mwanamume alitazama nyuma, kule njia ilikotokea. Winifrida hakusogea. Mwisho akalishusha shati, akainama akaishika ndoo.