Fundo la Mama Threlfall

"Toa pumzi," alisema Mama Threlfall, goti lake likiwa mgongoni mwa bintiye. "Toa yote."

"Nimetoa, mama."

Akavuta kamba. Mifupa ya nyangumi iliyoshonewa ndani ya koseti, lile vazi la kubana kiuno, ikalia kama bawaba kuukuu. Lavinia akashika nguzo ya kitanda.

Leo Lavinia alikuwa anacheza fainali ya tenisi, na mama hakumwombea mwanawe ushindi. Kasisi kijana, Bwana Penhale, alikuwa ameahidi kuja kutazama, kisha jioni kuzungumza na baba habari za posa. Lakini nani amtake mke anayekimbia kama farasi? Asiye na pumzi hakimbii. Mama akavuta tena, akapiga fundo mara mbili.

"Leo umezidisha."

"Ukishindwa, shindwa kwa adabu."

Uwanjani Lavinia aliinua raketi juu ya kichwa, akaanzisha mpira kama wafanyavyo wanaume.

"Huyo wanamlisha nini, shayiri?" mzee mmoja akauliza.

"Muulize atakayemtandika matandiko," akajibu bibi mwenye kofia ya manyoya. Vikombe vya chai vikatikisika kwa kicheko. Mama akashusha mwavuli usoni, asijulikane kuwa ndiye mama yake.

Katika seti ya pili Lavinia alisimama, mkono kiunoni, midomo imegeuka buluu. Mama akafurahi. Kisha furaha ile ikamtoka, maana binti alikuwa akiutazama mwavuli.

Mbio zilikuwa zimemwishia. Basi akausogelea wavu, mahali ambapo mwanamke wa heshima hakanyagi, akawa anaipiga mipira kabla haijagusa nyasi. Kila pigo lilizomewa. Alipopewa kikombe cha ushindi, kiti cha Bwana Penhale kilikuwa kitupu.

Nyumbani fundo lilikataa kufunguka. Mama akalikata kwa mkasi. Kitambaa kilikuwa kimeganda kwenye ngozi.

"Alikuwepo?" Lavinia akauliza.

"Aliondoka ulipokwenda wavuni."

"Nilikwenda wavuni kwa sababu sikuweza kukimbia, mama. Nawe unajua kwa nini."

Akavaa gauni la kazi, akachukua raketi, akatoka.

Mama aliloweka koseti katika maji baridi yenye chumvi. Maji yakawa mekundu. Akamwaga, akateka mengine. Nyuma ya zizi mpira uligonga ukuta, ukarudi, ukagonga. Alingoja unyamaze kidogo, apate kumwita mwanawe aje kula.

Supu ikapoa, ikaota utando.