Jina Moja, Vichupa Viwili

Kabla serikali haijatoa zabuni ya vipimo kwa kampuni ya nje, damu za kituo chetu cha Tezo nilizipima mwenyewe, miaka kumi na minne. Mimi ni Swabra, mzaliwa wa Takaungu, lakini Wagiriama wa Tezo nawajua kwa majina yao na ya mama zao. Bila jina la mama, huku utachanganyikiwa. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu yake. Nyale akimzaa Mwaringa, Mwaringa naye mwanawe humwita Nyale. Basi babu ni Nyale Mwaringa, mjukuu ni Nyale Mwaringa, na wote wawili wanakula sahani moja.

Ndiyo maana kila kichupa nilikiandika ubavuni jina la mama: wa Mapenzi, wa Harusi, wa Emily. Sikuwahi kukosea.

Kampuni ilipoingia, mashine yangu ya kupima figo nikaifunika leso, kwa kuwa dawa zake hazikuletwa tena. Kazi yangu ikawa kutoa damu, kubandika kikaratasi chenye majina mawili na tarehe, na kulikabidhi sanduku la barafu kwa dereva wao. Mwezi wa kwanza walinirudishia vichupa sita bila kuvipima. Barua ilisema vina maandishi ya ziada. Yaani mama wa mtu ni ziada! Nikampigia Musyoka, afisa aliyesimamia mkataba, nikamweleza habari ya majina ya huku tangu mwanzo hadi mwisho.

"Dada Swabra," akasema kwa upole, "mkataba umeshatiwa saini. Fuata fomu."

Nikafyata mkia. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye watu walinipa pole nyingi, na sikuzistahili.

Jumatatu moja mwezi wa tatu, Mapenzi alimleta mwanawe wa miaka saba. Uso ulikuwa umevimba hata macho hayafunguki vizuri, na mkojo, mama alisema, ulikuwa mchache na mweusi kama chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa. Walifuatana na baba mkwe wake, mzee Nyale, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya kupimwa figo kwa ajili ya presha. Kamande, daktari wetu, alimtazama mtoto akaagiza kipimo hicho hicho. Figo zikiwa na shida, alisema, mtoto anakwenda hospitali kubwa mara moja.

Mtoto alipoiona sindano akajificha nyuma ya babu yake.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia mzee.

"Marahaba, mwanangu. Nianze mimi, huyu somo wangu, Nyale mwenzangu, aone kwamba haiumi."

Akakunja mkono wa shati akamtazama mjukuu wake huku akicheka, na damu ikaingia. Kisha mtoto naye akatoa mkono wake, kidume kweli, hata chozi halikumtoka. Nikabandika vikaratasi viwili vilivyofanana. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilikumbuka vile vichupa sita, nikairudisha mfukoni.

Majibu yalikuja Jumatano, kwanza kwenye kompyuta ya Kamande. Alimwita Mapenzi akamwambia figo za mtoto ni nzima, ampunguzie chumvi, amrudishe Jumatatu. Mapenzi akamshukuru Mungu, akaondoka.

Mimi niliziona karatasi Alhamisi asubuhi, nilipokuwa nikizipanga kwenye mafaili. Zilikuwa mbili na tarakimu zake ni zile zile, hadi ya mwisho baada ya nukta. Mzee wa miaka sabini na mmoja mwenye presha na mtoto wa miaka saba hawawezi kuwa na figo moja. Nikapiga simu kwenye kampuni. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zake.

"Vilikuja vichupa viwili vya mgonjwa mmoja," akasema. "Mkataba unasema jina moja, siku moja, kipimo kimoja. Tulipima cha kwanza, cha pili tukakitupa. Majibu tukayajaza kwenye fomu zote mbili."

"Na umri hamkuuona?"

"Umri uko kwenye fomu. Kwenye kichupa hakuna umri."

Cha kwanza kilikuwa cha babu.

Kamande aliacha foleni ya wagonjwa, tukaingia kwenye gari lake. Mtoto tulimkuta juu ya mkeka chini ya mkorosho, kichwa kiko mapajani mwa babu yake, anahema kama aliyekimbia mbali. Mapenzi alipotuona alitabasamu.

"Mumemletea dawa?" akauliza.

Tulimfikisha hospitali. Huko walipima damu yake, sasa ikiwa yake kweli, na figo zilikuwa zimeshakufa. Walihangaika naye sana. Ijumaa adhuhuri akafariki.

Matangani nilimweleza mzee Nyale kila kitu, na kalamu pia sikuificha. Aliniuliza swali moja tu.

"Kile cha kwanza, kilikuwa changu?"

Nikasema ndiyo. Nilitamani anitukane. Akajifuta uso kwa mkono ule ule aliotolewa damu.

Mwisho wa mwezi Musyoka alileta fomu ya kuithibitisha kazi ya kampuni: huduma imeridhisha, ndiyo au hapana. Nikaweka alama kwenye hapana na kuambatisha kurasa tatu. Nasikia ilitiwa saini na mtu mwingine, na mkataba ukaongezwa mwaka.

Mwezi wa sita zamu ya mzee Nyale ilifika tena. Alikuja peke yake, amekonda. Nilimtoa damu, kisha nikachukua kalamu niandike ubavuni mwa kichupa jina la mama yake, waniletee barua wakitaka, wanifukuze wakitaka. Jina nililijua, sikuhitaji kumuuliza.

Akaushika mkono wangu akauweka chini.

"Acha, mwanangu," akasema. "Andika Nyale Mwaringa tu. Sasa tumebaki mmoja, hawatakosea."