Gemu la Ng'washi Barazani kwa Bundala

Soko huria lilipofika Bariadi lilikuja na redio za kila aina, mitumba na gemu za kwenye televisheni. Ng'washi alizipenda gemu za kupiga risasi kuliko chakula, tusidanganyane. Mashine alikuwa nayo, televisheni alikuwa nayo. Alichokosa ni mahali pa kuchezeshea watu kwa malipo. Chumba chenye umeme karibu na stendi kilikuwa kimoja tu, cha mzee Bundala, na Marcelo, kijana mwingine mwenye gemu, naye alikitaka. Akikikosa, Ng'washi angerudi kijijini Migato kulima pamba, na akilifikiria lile jembe roho ilimuuma.

Bundala hakutaka kesi.

"Mtashindana kama Wagika na Wagalu, wale wapinzani wa ngoma," alisema. "Kila mtu upande wake wa baraza, mnacheza kwa wakati mmoja. Jua likizama, mwenye watu wengi achukue ufunguo."

Hakuna aliyebisha, maana Usukumani ngoma huamuliwa hivyo. Watu wakikukimbia umeshindwa, hata uwe fundi vipi. Na fundi akiacha uwanja wake kwenda kutazama wa mwenzake, huyo amejimaliza mwenyewe.

Jumamosi Marcelo akawasha gemu lake la ndege za kivita. Rangi zinawaka, mabomu yananguruma, watu wakajaa utadhani mnadani. Ng'washi akawasha lake. Kioo kikawa cheusi, kindege kimoja chini, na juu wadudu wa vibonge vibonge wamejipanga mistari, wanashuka polepole.

"Mayo, mama yangu, hilo si la enzi za wajomba zetu?" Marcelo akamtania.

Watu wakacheka, na hata wale wachache waliokuwa upande wa Ng'washi wakahama. Ng'washi akatabasamu. Alijua jambo ambalo wao hawakulijua: gemu hilo lilikuwa jipya kuliko la Marcelo. Waliolitengeneza walianza na sura ya kale makusudi.

Mstari wa mwisho ulipokwisha, wadudu wakaota mbawa na rangi. Wakavunja mistari, wakaja kwa makundi kama kwelea kwelea kwenye mtama wa mama yake. Kisha risasi zikaanza kunyesha, nyekundu kwa bluu, mpaka pa kupita pakakosekana.

"Amekwisha huyo," mtu mmoja alisema, lakini alisema akiwa ameshageuka kutazama.

Ng'washi hakukurupuka. Ile mistari ya zamani ilikuwa bado imo humo ndani ya mvua ya risasi, na kila mstari ulikuwa na mwanya wake. Akasogea kidogo, akapita chupuchupu, akapiga. Baraza likaanza kuhama. Watu wakasukumana nyuma yake, mwingine akapanda kwenye baiskeli ya mwenziwe ili aone. Ng'washi alisikia raha mpaka akataka kuimba.

Jua likiwa linagusa mabati ya ng'ambo, akatokea mdudu mkubwa, kajaza kioo kizima. Kindege cha Ng'washi sasa kilikuwa cha mwisho; kikilipuka, gemu limekwisha.

"Kushoto, kushoto," sauti ikamwambia sikioni. "Usimwachie."

Akaenda kushoto. Bundala akapenya katikati ya watu, ufunguo mkononi, akamgusa bega.

"Mzee, usimsumbue," ile sauti ikasema, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Muwekee hapo mezani, utamharibia."

Bundala akageuka kuona ni nani anayemwamuru. Alikuwa Marcelo.