Mgonjwa wa Loja

Kijijini kwetu Chaupiloma, huku juu ambako ng'ombe hulishwa ndani ya ukungu, hakuna aliyewasema walevi kama Neptalí Guachamín. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Mtu akija kwenye msaragambo wa kusafisha mifereji akinuka pombe, Neptalí alimrudisha nyumbani mbele ya watu wote. "Nenda kalale. Ng'ombe wako ana akili kukushinda." Sisi tulicheka. Aliyeambiwa hakucheka.

Riziki yake ilikuwa pikapu ya bluu, aliyopelekea maziwa yetu kiwandani kila asubuhi.

Siku ya ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa binti yake Marcia, alikunywa. Mtoto alikuwa amepewa jina lake, na mkwewe alimjia na kikombe cha gongo ya miwa mbele ya wageni. Angekataaje? Kikombe kikazaa kikombe. Alasiri, jua likiwaka, mkewe Zoila akamshika mkono.

"Baba Marcia, tulale hapahapa kwa mwanao."

"Panda gari, mama. Barabara hii hata pikapu inaijua yenyewe."

Karibu na mji wa Cayambe askari wa trafiki walikuwa wamefunga njia. Neptalí aliwaona, lakini mguu ulichelewa. Aligonga vizuizi, na askari mmoja kijana akajirusha mtaroni. Alitoka huko ametapakaa matope, kofia mkononi, akitetemeka. Hakutukana. Alimpa tu kipima ulevi apulize. Neptalí alisema baadaye kwamba afadhali angepigwa kofi.

Kesho yake alisimama mbele ya hakimu, mama mmoja mfupi mwenye mafua, aliyekuwa akipenga kamasi katikati ya maneno. Hukumu haikuchukua muda: siku kumi na tano kizuizini, faini, na pointi kumi kukatwa kwenye leseni.

"Mheshimiwa," Neptalí akasema, "mimi si mlevi. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji."

"Baba, yule kijana angekufa, mama yake ningemwambia hivyo? Kwamba aliyemgonga ni mwenyekiti?"

Zoila aliruhusiwa kumwona kidogo kabla hajapelekwa. "Watu niwaambie nini?" akauliza.

"Waambie Abdón anaumwa. Nimekwenda Loja kumuuguza."

Abdón ni mdogo wake, anayeishi Loja, mji wa mbali kusini. Hawakuwa wamesemezana tangu walipogombania shamba la marehemu baba yao.

Zoila akatuambia hivyo, akaongeza kwamba ni mapafu, nasi tukaamini. Tena tulimsifu Neptalí: tazama, damu nzito kuliko maji, amesahau ugomvi wote. Tulikodi gari tukapeleka maziwa wenyewe, na ng'ombe wake tukamkamulia. Watu walileta viazi, jibini, simbilisi wa kuchoma, vyote vya kutumwa Loja kwa basi. Doña Umbelina, bibi mjane ambaye hana kitu, alileta kuku wake mtagaji. "Apikiwe mchuzi," akasema. "Mapafu yanataka mchuzi." Zoila hakujua amfiche wapi kuku yule. Alimchinja, akashindwa kumla, akawapa mbwa. Usiku ule, alituambia baadaye, alilia kuliko siku mumewe alipofungwa.

Neptalí aliporudi, kakonda, ndevu zimemea, Umbelina alikuwa wa kwanza kufika langoni.

"Pole na safari, mwanangu. Mgonjwa je?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Mdomo ukafunguka, ikatoka: "Anakula sasa."

"Mungu mkubwa! Na ule mchuzi?"

"Aliunywa wote, mama. Anakushukuru."

Mama wa watu akafuta machozi, akamkumbatia.

Jumapili tulikwenda misa. Padri alipofika kwenye maombi, akasoma: "Tumwombee Abdón Guachamín, aliyeko kitandani Loja." Kanisa zima likapiga magoti. Umbelina, ambaye magoti yake hayakunjiki, akajishikilia kwenye benchi akashuka taratibu, akiguna kwa maumivu.

Neptalí akasimama. "Padri, naomba uache."

Tulidhani mgonjwa amekufa.

"Ndugu yangu haumwi," akasema. "Sikwenda Loja. Nilikuwa kizuizini Cayambe. Niliendesha gari nimelewa."

Nyuma kabisa akaita Segundo Tipán, aliyerudishwa kutoka msaragambo mara nyingi kuliko sisi sote. "Sema kwa sauti! Huku nyuma hatusikii!"

Wengine wakamnyamazisha Segundo. Lakini Neptalí aligeuka akamtazama, uso umemwiva, akarudia kwa sauti: "Niliendesha nimelewa, nusura niue mtu. Halafu nikamtuma mke wangu awadanganye."

Zoila alikuwa amejifunika shali hadi machoni. Umbelina, akiwa bado chini, akauliza: "Na kuku wangu?"

Hakuna aliyecheka.

Mambo hayakuisha kwa kukumbatiana, nisije nikakudanganya. Kamati ilimwondoa uenyekiti kwa kunyoosha mikono, na mimi nilinyoosha wangu. Maziwa akapewa dereva mwingine. Neptalí alizunguka nyumba kwa nyumba, kofia mkononi, akirudisha alivyoweza kurudisha. Wengine walimkaribisha chai. Umbelina alipokea matetea mawili, akayakagua mabawa, akafunga mlango bila kumwambia aketi.

Lililobaki alilihofu kuliko yote. Alikuja kwangu kuazima simu, maana ya kwake Abdón hakuwa akiipokea. Nilikuwa nikimenya viazi palepale, na simu yangu sauti yake husikika chumba kizima.

"Nani kafa?" Abdón akauliza mara tu aliposikia sauti yake.

"Hakuna. Ila... nilikuuguza."

"Uliniuguza? Wapi?"

"Loja. Watu walikuombea kanisani."

Akamweleza yote, hakuficha hata mbwa. Abdón akataka kujua moja tu.

"Nilikuwa na ugonjwa gani?"

"Mapafu."

"Hukuniomba hata ruhusa, mshenzi wewe."

"Sikukuomba."

"Baba angekutandika."

"Angenitandika," Neptalí akasema. Akageukia ukutani nisimwone.

Abdón hakumwambia pole wala hakumsamehe. Alikohoa, akauliza kama mvua imeshanyesha huku kwetu. Neptalí akasema bado. Akauliza ng'ombe wanapata majani wapi basi. Nikachukua sufuria yangu nikatoka nje, wakaendelea.