Kitenzi cha Kapteni

Mwaka ule wa themanini na tano Maanrifa alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kuchoka kwenyewe alishakuzoea. Alifundisha Kifaransa katika shule ya sekondari mjini Moroni, darasani wanafunzi wamebanana hata hakuna pa kupitisha mguu, na akirudi mtaani Magoudjou kwenye vyumba vyake viwili vya kupanga anakuta maji ya bomba yameshakatika. Mume alikuwa ameondoka zamani, akaenda Marseille, na habari zake zikawa za kusikia kwa watu. Yeye mwenyewe alizaliwa Majunga, kule Bukini, kisiwa kikubwa cha kusini, akasomeshwa na masista. Wangazidja na Wanzuani, wahamiaji kutoka visiwa hivi, walipouawa na wenyeji wa Majunga na waliosalia wakarudishwa kwa ndege, yeye na mdogo wake Idarousse walishuka wakiwa na nguo walizovaa tu. Idarousse alikwenda Mutsamudu, ng'ambo kwenye kisiwa cha asili ya wazazi wao, akaoa, akawa mwalimu wa historia. Maanrifa akabaki Moroni na Kifaransa cha masista, Kifaransa kilichokamilika na vitenzi vyake vyote, hata vile ambavyo Wafaransa wenyewe wameviacha.

Mkuu wa shule alimwita ofisini siku moja ya mwezi wa tano. Alikuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Fundi Maanrifa," alisema, maana huko mwalimu huitwa fundi, "kuna Kapteni mmoja wa Walinzi wa Rais. Anataka mtu wa kumfundisha ile imparfait du subjonctif, vitenzi vya kizamani. Nimekutaja wewe."

"Mamluki anataka subjonctif?"

"Usiseme neno hilo humu." Mkuu alitazama mlango. "Gari litakuja kukuchukua baada ya alasiri."

Hakuulizwa kama anakubali. Na miezi ile hakuna aliyekuwa na hamu ya kukataa, kwani askari wazalendo wa Walinzi walikuwa wamejaribu kuwaasi wakubwa zao Wazungu, wakashindwa, na kamatakamata ilikuwa bado inaendelea visiwani kote.

Kapteni aliitwa Lormier. Nyumba yake ilikuwa juu, njia ya kwenda Mvouni, kwenye ubaridi. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini, mpole wa sauti, mwenye kovu chini ya sikio. Alimkaribisha kwa kahawa, akamweleza shida yake bila kuzunguka. Sherehe za uhuru zilikuwa zinakaribia, naye angetakiwa kusema maneno machache mbele ya mawaziri na Wafaransa wa ubalozini. Kwenye dhifa iliyopita mzee mmoja aliyesomea Paris alimjibu kwa kitenzi ambacho Kapteni hakukielewa, na meza nzima ikatabasamu.

"Niliacha shule nikiwa mtoto, Madame," alisema. "Nimepigana katika nchi nyingi. Sijawahi kuona aibu kama ile."

Basi wakaanza. Maanrifa alimweleza kwamba kitenzi hiki hukaa nyuma ya kingine: ukisema nataka aje, huwa namna moja, ukisema nilitaka aje, "aje" hiyo nayo lazima ivae nguo za zamani. Kwa lugha ya nyumbani jambo hilo halikuwepo. Nataka aje, nilitaka aje, ni aje ileile, na watu wanaelewana. Lakini Kifaransa cha masista kilidai qu'il vînt, pamoja na kikofia juu ya herufi. Kapteni alirudia kama mtu anayefungua na kufunga bunduki gizani. Que je fusse, que tu fusses, qu'il fût. Alikuwa mzito wa kushika, ila hakuwa mvivu. Maanrifa alisinzia mara mbili tatu akimsikiliza, naye Kapteni alinyamaza kwa adabu mpaka alipozinduka.

Ndipo Rahamatou, wifi yake, akafika kutoka Mutsamudu. Maanrifa alimkuta ameketi kizingitini, shiromani yake nyekundu ya kujitanda imejaa chumvi ya bahari, kifurushi miguuni.

"Wamemchukua Idarousse," alisema kabla hata ya salamu. "Wamekuta karatasi za chama cha wapinzani shuleni kwake. Si zake, lakini wamemchukua yeye. Wamemleta huku, kambini."

Maanrifa aliketi karibu naye. Hakulia. Aliuliza kama amekula.

"Wifi, watu wanasema unakunywa kahawa na Mzungu wao."

"Namfundisha."

"Basi mwambie."

Toka siku hiyo Rahamatou aliamka alfajiri, akapika wali na mataba ya majani ya muhogo, siku nyingine samaki akipatikana kwa wavuvi wa Badjanani, akapeleka sufuria kwenye lango la kambi. Askari walipokea, wakarudisha sufuria tupu iliyooshwa. "Anakula," Rahamatou alikuwa akisema jioni, na sauti yake ilipata nguvu kidogo. "Haachi hata ukoko."

Maanrifa alichukua siku kadhaa kutafuta mdomo wa kusemea. Mwishowe, kwa woga na kwa uchovu, alilipitisha ombi lake ndani ya zoezi. Aliandika ubaoni, ule ubao mdogo ambao Kapteni alimnunulia: Je voudrais que mon frère fût libéré. Ningependa ndugu yangu aachiwe.

Kapteni aliisoma kwa sauti. Akainuka, akagusa kile kikofia kwa kidole.

"Fût. Na kofia yake. Nimepatia?"

"Umepatia, Kapteni."

"Sasa nafsi zote." Akaanza: que je fusse libéré, que tu fusses libéré, mpaka akamaliza, uso ukimng'aa kwa furaha. Kisha akaketi, akakoroga kahawa yake. "Anaitwa nani, huyo ndugu?"

Alimtaja. Kapteni alitikisa kichwa polepole, akasema yeye kazi yake ni kumlinda Rais, mambo ya mahabusu yana wenyewe. "Tumalize hotuba kwanza, Madame. Halafu tutaona."

Wakaendelea na hotuba. Ilikuwa fupi, na Kapteni alitaka sentensi moja tu ya kuwanyamazisha wale wa Paris. Waliifanyia kazi jioni baada ya jioni: J'aurais voulu que mes camarades morts pussent voir ce jour. Ningetamani wenzangu waliokufa waweze kuiona siku hii. Maanrifa alirekebisha matamshi yake huku akiwaza sufuria ya Rahamatou. Akirudi nyumbani wifi yake alimtazama usoni tu, akajua, akageukia jiko.

Siku ya sherehe ilipita. Kesho yake gari halikuja. Siku iliyofuata likaja kabla ya alasiri, na Maanrifa alimkuta Kapteni amesimama barazani bila viatu.

"Wamecheka," alisema.

"Nani?"

"Wote. Mke wa mshauri wa ubalozi ndiye aliyeanza. Pussent! Unajua inasikika kama nini?"

Maanrifa alijua. Ilisikika kama neno la viroboto. Masista hawakuwahi kucheka neno hilo, naye hakulifikiria.

"Nimewataja marafiki zangu waliokufa, wao wakasikia viroboto. Na yule mzee akanishika bega, akaniambia siku hizi hata Paris hakuna asemaye hivyo, alikuwa akinitania tu siku ile. Umenifundisha kitenzi cha maiti, Madame."

"Uliniomba hicho."

Alitegemea atapigiwa kelele. Lakini Kapteni alikuwa amechoka kama yeye. Alijitupa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza Maanrifa hakuogopa. Alisema kwa Kifaransa cha sokoni, maneno mawili matatu:

"Kapteni. Mwachie ndugu yangu."

"Ameshatoka," Kapteni alisema. "Aliachiwa siku chache tu baada ya wewe kuandika ile sentensi. Nilipiga simu, wakampandisha chombo cha Mutsamudu. Yuko kwao."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungerudi tena kunifundisha?"

Maanrifa alichukua mkoba wake. Hakuaga. Aliteremka kwa miguu mpaka alipopata teksi ya kuchangia, akakaa katikati ya watu wawili asiowajua, mikono juu ya magoti.

Rahamatou alikuwa anachambua mchele. Maanrifa alimweleza yote, taratibu, bila kuacha kitu. Wifi yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Na chakula changu?"

Rahamatou aliweka ungo chini. Alicheka, kicheko kikavu, kikageuka kilio, na Maanrifa akamshika mabega mpaka alipotulia. Baadaye walipata habari kwamba mama mzazi wa Rahamatou alimtuma msafiri kuwaarifu kwamba Idarousse amerudi, lakini chombo kiliharibikiwa mashine, kikakwama njiani, kisiwani Mohéli.

Shule zilipofunga, walivuka pamoja kwenda Mutsamudu. Idarousse walimkuta ndani, nyumba ya uchochoroni ambamo jua huingia saa moja tu kwa siku. Alikuwa amekonda, meno ya mbele hana, na kila juma alitakiwa kwenda kujiandikisha kwa polisi. Kazi ya ualimu wameshampa mtu mwingine. Alimkumbatia mkewe. Kwa dada yake alitoa mkono tu.

"Wanasema ulikuwa unakwenda kwake," alisema.

"Nilikuwa nakwenda."

"Kumfundisha nini?"

"Vitenzi."

Idarousse alingoja aendelee. Maanrifa alifungua kinywa aeleze, kuhusu ubao na kahawa na sufuria, akaona maneno ni mengi na barabara ya kuyafikia ni ndefu.

"Nitakueleza," alisema. "Si leo."

Mdogo wake akasogea kwenye kitanda cha kamba, akampisha nafasi. Maanrifa alivua viatu, akajilaza ubavu, uso ukutani. Alimsikia Rahamatou akiuliza wapi walipoweka nazi, na Idarousse akimjibu kwa ile sauti mpya ya mtu asiye na meno. Usingizi ukamchukua kabla jibu halijaisha.